USUKANI WA BAISKELI: NAMNA YA KUUCHAGUA NA KUUPIMA

(Hotuba iliyosomwa mbele ya walimu, viongozi wa vijiji na wazee wa pwani ya Mtwara)



Nimeombwa niseme maneno machache juu ya jambo ambalo huenda wengine wenu wakaliona dogo, nalo ni usukani wa baiskeli. Najua ya kuwa mtu aweza kuuliza, "Je, usukani nao wataka hotuba? Si chuma kilichopindwa tu, mtu akakishika akaenda zake?" Mimi nami nilisema hivyo hivyo kwa muda wa miaka mingi, hata siku moja vidole vyangu viwili vikakataa kushika kalamu. Siku hiyo ndipo nilipoanza kujifunza, na hayo niliyojifunza ndiyo niliyokuja kuwaeleza leo.

Sisi watu wa pwani hatuna haja ya kufundishwa maana ya usukani, kwa kuwa neno lenyewe tulilitoa chomboni. Kila aliyevuka kwenda Msangamkuu, au aliyesafiri kwa mashua mpaka mlango wa mto Ruvuma, amemwona nahodha akikaa tezini, mkono juu ya kana. Nahodha mzoefu hakai mbali na kana hata ikamlazimu kujinyoosha, wala haisogelei mno hata kiwiko kikabanwa na mbavu. Hukaa mahali ambapo mkono hutulia, akaweza kuongoza chombo tangu alfajiri hata adhuhuri bila kuchoka. Baiskeli nayo ni hivyo hivyo. Tofauti ni hii tu, ya kuwa nahodha hujipangia makao yake mwenyewe, ama sisi hununua baiskeli dukani, tukaipanda kama tulivyoikuta, tukadhani kwamba maumivu ni sehemu ya bei yake.

Sasa nitawasimulia yaliyonipata. Kazi yangu ni ukarani. Nyumba yangu iko Mikindani, na kazi yangu iko Mtwara mjini, mwendo wa kilomita zipatazo 10. Tena mji wa Mtwara, kama mjuavyo, ulipangwa kwa ajili ya ule mpango wa karanga ulioanzishwa mwaka 1947, na waliouchora waliutarajia uwe mji mkubwa sana; kwa hiyo njia zake ni pana, na baina ya mtaa na mtaa pana nafasi nyingi. Asiye na baiskeli hutembea sana. Zaidi ya hayo, mara kwa mara hunipasa kwenda Ziwani, Madimba, na hata Msimbati, kupeleka na kuchukua karatasi.

Mwaka mmoja, katika miezi ya kusi, nikaanza kuona ganzi katika kidole cha mwisho na kile kinachokifuata, mikono yote miwili. Mwanzo ilikuja nikiwa njiani, nikashuka, nikakung'uta mikono, ikaondoka. Baadaye ikawa haiondoki mpaka jioni. Mwishowe nikafika kazini asubuhi, nikashika kalamu, na herufi zangu zikawa kama za mtoto wa darasa la kwanza. Mkuu wangu akaniuliza kama nimeugua. Sikuwa na jibu. Ndugu zangu, mkulima hula kwa jembe, na mvuvi hula kwa wavu. Karani hula kwa vidole vitatu na kalamu, na vile viwili vingine ndivyo vinavyouegemeza mkono juu ya karatasi. Nikaona riziki yangu yaondoka mbele ya macho yangu.

Kila mtu alikuwa na dawa yake. Mmoja aliniambia ni upepo wa bahari. Mwingine akaniambia kwamba yuko mtu anayenionea kijicho. Mimi nikajiona ni mwerevu kupita wote, nikasema, "Mikono ndiyo inayouma, basi kosa ni la usukani." Nikanunua mipira mipya ya kushikia. Haikufaa kitu. Nikanunua usukani mpya, ule ulionyooka kama fimbo, ambao vijana huupenda. Hali ikazidi kuwa mbaya, sasa na vifundo vya mikono vikauma. Fedha ilikwisha kutoka na ganzi ikabaki.

Hatimaye nikampelekea baiskeli fundi mmoja mzee, afanyaye kazi yake chini ya mwembe. Nikamwamkia, "Shikamoo, mzee." Akaitika, "Marahaba, mwanangu," nami nikamweleza shida yangu. Hakuutazama usukani hata kidogo. Aliniambia nipande, akaishika baiskeli isianguke, akanitazama ubavuni kwa kitambo. Kisha akasema, "Mwanangu, mikono yako haina kosa, na usukani huu umeuonea bure. Kiti chako ndicho kinachokusukuma." Akanionyesha. Pua ya kiti ilikuwa imeinama chini kwa inchi moja hivi. Kila nilipokaa niliteleza mbele, na kila nilipoteleza nilijizuia kwa viganja vya mikono. Nilikuwa nimeibeba nusu ya mwili wangu kwa mikono, kilomita 20 kila siku, wala sikujua.

Akakiweka kiti sawa, akaurudisha usukani wangu wa zamani, akaupandisha kwa upana wa vidole viwili. Katika muda wa wiki 3 ganzi ilikwisha kabisa. Malipo yake yalikuwa madogo kuliko bei ya ile mipira mipya.

Nimewasimulia haya ili mpate kufahamu jambo la kwanza na kubwa, nalo ni hili: usukani haupimwi peke yake. Mwili wa mwendesha baiskeli huegemea mahali patatu, yaani miguu juu ya pedali, makalio juu ya kiti, na mikono juu ya usukani. Ukiharibu pamoja, uzito huhamia pengine. Kwa hiyo anayetaka kuupima usukani na aanze na kiti.

KWANZA, KITI

Kimo cha kiti hupimwa hivi. Panda baiskeli karibu na ukuta au mtu akushikilie. Weka kisigino juu ya pedali, na pedali hiyo iwe chini kabisa. Mguu unyooke bila ya nyonga kuinama upande. Ukisha kuona hivyo, basi utakapoweka mahali pake ile sehemu pana ya mbele ya unyayo, goti litapinda kidogo, na ndivyo itakiwavyo. Mzee, au mtu anayejifunza, aweza kukishusha kiti kidogo zaidi ili miguu ifike chini upesi, hapana ubaya.

Baada ya kimo, tazama kama kiti kiko sawa. Chukua kipande cha ubao kilichonyooka, ukilaze juu ya kiti tangu pua hata nyuma, na juu yake ulaze chupa yenye maji nusu. Maji yatakuambia kweli. Kiti kikiinama mbele, mikono itateseka kama iliyoteseka mikono yangu. Kikiinuka mbele, utaumia mahali pengine ambapo sina haja ya kupataja mbele ya wazee.

Kisha tazama kama kiti kiko mbele mno au nyuma mno. Weka mikono ya pedali ilale sawa na ardhi, mmoja mbele na mmoja nyuma. Teremsha timazi, yaani uzi wenye nati mwishoni, kutoka chini ya kifuniko cha goti la mbele. Uzi upite juu ya pini ya pedali, au nyuma yake kidogo. Fahamuni jambo hili: kiti husogezwa kwa ajili ya miguu. Mtu asikisogeze mbele kwa sababu usukani u mbali. Huko ni kuponya mkono kwa kuumiza goti.

PILI, UMBALI WA USUKANI

Hapa ndipo yule fundi mzee aliponifurahisha. Aliweka kiwiko chake kwenye pua ya kiti, akaunyoosha mkono mbele. Ncha za vidole zikagusa chuma cha usukani, pale unaposhikwa na shingo yake. Akasema, "Dhiraa moja." Nikakumbuka jinsi wazee wetu walivyopima nguo kwa dhiraa, tangu kiwiko hata ncha ya kidole. Mwenye duka alipenda kupima kwa mkono mfupi, na mnunuzi alipenda mkono mrefu, wakagombana. Ama katika baiskeli hapana ugomvi, kwa kuwa kila mtu hupima kwa dhiraa yake mwenyewe, nayo humfaa yeye mwenyewe.

Kipimo hiki ni cha kuanzia tu, si sheria. Ukisha kukitumia, kaa juu ya kiti, shika usukani kama kawaida, ujitazame. Viwiko vipinde kidogo kama vya mtu aliyebeba mtoto mdogo kwa mikono miwili. Mabega yawe chini, yasipande kuelekea masikioni. Ikiwa mikono imenyooka kabisa kama fito, usukani u mbali, na kila shimo la njiani litapanda moja kwa moja mpaka shingoni. Ikiwa magoti yakaribia kuugonga usukani unapokata kona, basi u karibu mno. Fundi aweza kukupatia shingo fupi zaidi au ndefu zaidi, au usukani wenye pembe zilizorudi nyuma zaidi au kidogo.

TATU, KIMO CHA USUKANI

Kwa mtu anayekwenda kazini, shuleni au sokoni, usukani na uwe sawa na kiti, au uzidi kwa inchi 1 au 2, yaani sentimita 3 hadi 5. Mtu mwenye maumivu ya mgongo au shingo aweza kuupandisha zaidi. Walakini asidhani kwamba kadiri ukipanda ndivyo raha inavyozidi. Ukiwa juu sana, uzito wote huanguka juu ya kiti, na uti wa mgongo hupokea kila pigo la njia. Tena, atakayekwenda Msimbati wakati wa kusi atakuta upepo wamjia usoni, na mtu aliyekaa wima kama mlingoti wenye tanga atajuta. Usukani wa kadiri humpa nafasi ya kuinama upepo unapovuma, na kukaa wima unapotulia.

Mwenye kuchukua mizigo ana hesabu yake mbali. Wachuuzi wa samaki, na wale wachukuao nazi, korosho au madumu ya maji, huweka uzito mwingi nyuma juu ya keria. Kwa sababu hiyo gurudumu la mbele huwa jepesi, na usukani hutetemeka, na penye mwinuko gurudumu hutaka kuinuka. Mtu wa namna hii asiupandishe usukani sana. Na uwe sawa na kiti, ili kifua chake kiegemee mbele kidogo, kilitulize gurudumu. Tena afunge mzigo chini na karibu na kiti kadiri awezavyo, kwa maana mzigo ulio mbali nyuma humshinda usukani hata mtu mwenye nguvu.

NNE, UMBO NA UPANA

Sukani tunazoziona katika pwani hii ni za namna nne.

Ya kwanza ni ile ya baiskeli kubwa za zamani, kama Raleigh ya Uingereza, na baadaye Phoenix ya China, na Hero na Avon za India. Pembe zake hurudi nyuma kumwelekea mpandaji. Vijana huziita za wazee. Lakini nyosheni mikono yenu mbele sasa hivi bila kufikiri, mfumbe ngumi kidogo. Tazameni: ngumi haziko sambamba kama za mtu ashikaye fimbo iliyolala. Zimegeuka, kila moja imeelekea mwenzake, kama mtu aliye tayari kupeana mkono na rafiki. Usukani wa pembe za nyuma waufuata mkono jinsi ulivyoumbwa. Kwa hiyo kwa mwendo wa kazi wa kila siku sioni ulio bora kuliko huo.

Ya pili ni ile iliyonyooka, iliyokuja na baiskeli za gia. Ina nguvu katika mchanga na njia mbaya, kwa kuwa huwa pana na hugeuka kwa nguvu ndogo. Ubaya wake ni kwamba huvipinda vifundo vya mikono kwa mtu anayekwenda mbali bila kubadili namna ya kushika. Anayeupenda na autafute ule uliopinda nyuma kidogo, usionyooka kabisa.

Ya tatu ni ile iliyoinama chini kama pembe za kondoo dume, nayo ni ya mashindano. Humsaidia mkimbiaji kujificha na upepo, na humpa mahali pengi pa kushika. Kwa mchuuzi au mwalimu haina kazi.

Ya nne ni ile inayopanda juu sana, ambayo mikono hufika usawa wa mabega. Hiyo ni ya kujionyesha. Damu hushuka mikononi, na dereva hukosa nguvu ya kuongoza.

Ama upana, kipimo ni mabega. Usukani mwembamba kuliko mabega huibana pumzi, na baiskeli hugeuka upesi kama mbuzi aliyeshtuka. Ukizidi mabega kwa upana wa kiganja kila upande, wafaa kwa mchanga na mzigo, lakini utawachokoza katika vichochoro vya Mikindani na katika vijia vya mashamba ya mikorosho.

TANO, MIPIRA YA KUSHIKIA

Mpira wa kushikia usiwe mnene hata vidole visikutane vizuri, wala mwembamba hata chuma kisikike. Usiwe na matuta makali. Mpira unaozunguka ni hatari kubwa, kwa maana siku utakapovuta kwa nguvu utabaki nao mkononi. Asiye na fedha ya mpira mpya na akate utepe katika mpira wa ndani wa gurudumu uliochakaa, auzungushe kwa kukaza tangu mwisho wa usukani kurudi ndani, na kila mzunguko upande juu ya nusu ya uliotangulia. Nimeona utepe wa namna hiyo ukikaa mwaka mzima. Tena msiache tundu la mwisho wa usukani likawa wazi. Mtoto akiangukia juu yake, bomba lile hukata tumbo kama kisu. Kizibo cha mti, kilichochongwa kikaingia kwa nguvu, chatosha.

HATARI YA KUPANDISHA USUKANI BILA KUJUA

Sasa nisikilizeni kwa makini, kwa sababu jambo hili laweza kumpoteza mtu.

Katika baiskeli nyingi za zamani, shingo ya usukani imeingia ndani ya bomba la mbele, nayo hukazwa kwa bolti ndefu inayovuta kabari iliyo chini. Ukitaka kuupandisha, legeza bolti kwa mizunguko 2 au 3, usiitoe. Weka kipande cha mti juu ya kichwa cha bolti, ugonge mara moja kwa nyundo, kabari itaachia. Hapo usukani utapanda. Lakini shingo ina alama ya mwisho, ambayo haifai kuonekana nje. Ikiwa alama imefutika, hakikisha kwamba sentimita 6 na nusu, yaani inchi 2 na nusu, zimebaki ndani. Kiti nacho kina alama ya namna hiyo katika mti wake.

Namjua kijana mmoja mchuuzi wa samaki aliyeupandisha usukani wake usiku, kwa spana ya kuazima, mpaka ikabaki ndani inchi moja tu. Alisema aliona raha. Siku ya tatu, katika mteremko, na tenga la samaki nyuma, shingo iling'oka. Aliubeba usukani mikononi mwake, na baiskeli ikaenda njia yake. Alivunjika mtulinga. Samaki walimwagika barabarani, na mkopo aliowanunulia ulibaki palepale. Alikaa zaidi ya mwezi bila kwenda pwani, na mkewe ndiye aliyeilisha nyumba. Nilipokwenda kumtazama aliniambia, "Ndugu, nilitafuta vidole vitatu vya raha." Sikuweza kumlaumu, kwa kuwa hapana mtu aliyepata kumwambia habari ya ile alama.

Jambo jingine ni breki. Baiskeli nyingi kubwa zina breki za vyuma, zilizofungwa katika usukani wenyewe. Ukiupandisha usukani bila kulegeza viungo vya vyuma hivyo, breki ya mbele itavutwa ikakamata gurudumu. Ukiushusha, breki italegea isishike. Kwa hiyo legeza viungo kwanza, na baada ya kukaza usukani urekebishe breki upya. Katika baiskeli za breki za waya, tazama kwamba waya haukunyooka kwa kukazwa, na geuza usukani kulia na kushoto mpaka mwisho uone kama waya wavutika.

Baada ya kazi yote, jaribu. Simama mbele ya baiskeli, libane gurudumu la mbele kwa magoti, ujaribu kuuzungusha usukani. Usizunguke. Uuegemee kwa uzito wa mikono yako. Usiiname. Bana breki zote mbili, uisukume baiskeli mbele na nyuma. Ndipo upande. Baiskeli nyingine mpya shingo yake hubanwa kwa nje, kwa bolti za ubavuni. Hizo hazipandishwi kwa namna niliyoieleza, mpelekeeni fundi.

HABARI YA GANZI

Walimu huenda wakaniuliza, ganzi ile ilitoka wapi? Liko neno moja ambalo kila mtu alijua kwa mwili wake. Ukigonga kiwiko upande wa ndani, huona kama moto umepita mpaka kidole cha mwisho. Huo ni mshipa wa fahamu. Hushuka mkononi, ukaingia katika kiganja upande wa kidole kidogo, nao hapo hauna nyama nyingi ya kuufunika. Usukani ukiubana kwa muda mrefu, vidole viwili vya mwisho hufa ganzi, na baadaye hukosa nguvu. Uko mshipa mwingine upitao katikati ya kifundo, nao huhudumia kidole gumba, cha shahada na cha kati. Huo huumizwa na kifundo kilichopinda. Dawa ni kuuondoa uzito, kukinyoosha kifundo, na kubadili namna ya kushika kila baada ya dakika chache.

Lakini sitaki mtu aseme, "Karani alisema kila ganzi ni ya baiskeli." La. Mtu akipumzika siku kadha asipone, au akiona vidole vimekosa nguvu, au akiona ganzi miguuni pia, au alama katika ngozi isiyosikia akiguswa, na aende zahanati bila kuchelewa. Ugonjwa wa kisukari huleta ganzi. Ukoma nao huleta ganzi, na mtu asione haya kupimwa, kwa maana ukoma hupona kabisa kwa dawa, na tangu mwaka 1995 Shirika la Afya Duniani limekuwa likizitoa dawa hizo bure kwa nchi zenye ugonjwa huo. Anayewahi huponea vidole vyake.

MANENO YA MWISHO

Nina ombi kwa walimu. Watoto wengi hufika shuleni kwa baiskeli za baba zao, zilizo kubwa kwao, hata wengine hupitisha mguu chini ya bomba la juu kwa kuwa hawakifikii kiti. Hatuwezi kumnunulia kila mtoto baiskeli yake. Lakini twaweza kukishusha kiti mpaka mwisho, na kuugeuza usukani umkaribie, na kutazama breki. Spana mbili na nyundo moja ndani ya kabati la shule zatosha.

Nina ombi pia kwa akina baba. Baiskeli nyingi zilitengenezwa kwa kipimo cha mwanamume mrefu. Mama akiipanda kwenda kisimani au zahanati, akarudi akisema mgongo wamwuma, msimwambie kwamba hajazoea. Mpimeni dhiraa yake.

Na kwenu viongozi wa vijiji, nawaomba muwaheshimu mafundi wa chini ya miembe. Mara nyingi twawaita pancha tu inapotokea, tukawalipa kwa manung'uniko. Wao wana elimu ambayo mimi, pamoja na vyeti vyangu, sikuwa nayo, nami nililipa fedha nyingi kwa kutokuwauliza mapema. Wahenga walisema, kuuliza si ujinga.

Maneno haya niliyaandika kwa mkono wangu mwenyewe, wa kulia, kwa vidole vyote vitano. Baiskeli yangu iko hapo nje. Atakaye kujua dhiraa yake na aje sasa, tumpime.